Mapasa Ndani ya Ekrani

Shangazi Sifa, dada ya baba mukwe yangu, tulimuzika kule Walikale, na ku matanga yake njo nilicheka mubaya mbele ya bantu. Musinihukumu bado. Batoto balikuwa balipanga ekrani kubwa mu hema, ile ya bapa sawa mulango ya kabati, na baliweka video ya Shangazi akicheza ku ndoa ya mujukuu yake. Sasa kila mara Shangazi akitupa mukono, mukono ingine ya kivuli inamufuata nyuma, polepole, sawa mukia. Bantu bakaanza kunung'unika. Mama moja akafunika macho na kitenge. Mujukuu yangu Neema, yeye anajua mambo ya masini, akaniinamia ku sikio: "Koko, usiogope, ni ekrani tu, inachelewa kubadilisha picha. Nitaitengeneza." Mimi niogope? Nilicheka mupaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Bakafikiri uchungu imenipanda ku akili, bakaniletea maji. Nikabaambia, ninyi acheni ile kivuli, muiache vile iko! Shangazi Sifa na kivuli ya ekrani balijuana zamani, mbele ninyi muzaliwe. Ilibakia kidogo kivuli ya namna ile inikoseshe bwana, na ninyi wote munaokaa hapa kula mihogo yangu hamungekuwako.

Ilikuwa mwaka ile nilikuwa nauzisha fromaji, jibini ya maziwa ya ngombe, Masisi, ku baraza ya mbao, mbele ya sekretaria ya Papa Bauma. Shule niliacha mu mwaka ya tatu ya primere. Nilijua kuandika jina yangu na kurudisha chenji, basi. Lakini macho nilikuwa nayo! Sekretaria ni nyumba pale muntu anaenda kuandikisha barua ku masini, na Papa Bauma alikuwa na ordinateri, ni kusema kompyuta, ya kwanza mimi kuona. Chumba ilinuka esanse, ile petroli, na mbao ya kulowa. Ekrani alikuwa aliiweka ku dirisha, bantu ba njia baione, na ile ekrani ya zamani ilikuwa na mugongo kubwa nyuma, sawa ngombe yenye mimba. Sanduku yenyewe, pale akili ya masini inakaa, aliifungia mu chumba ya nyuma, maana karibu na dirisha bati ilikuwa navuja na alikuwa naogopa maji. Kwa vile kabule, waya ya kupitisha picha, ilitoka mu sanduku, ikapita mu tundu ya ukuta ya mbao, ikatambaa chini ya banki, ile kiti murefu ya mbao, ikazunguka nyuma ya radio, njo ikafika ku ekrani. Nilikuwa naingia na kipande ya fromaji yake, na maulizo yangu. "Papa Bauma, hizi herufi zinatoka wapi?" "Mu sanduku." "Na zinapitia wapi?" "Mu kabule." "Zote?" "Zote, Furaha." "Na picha ya ngombe ile unaonyesha ku ekrani, na pembe zake?" "Na pembe zake. Leta fromaji, uende." Nilikuwa naangalia ile kabule, nyembamba sawa mukia ya panya, najiuliza ngombe muzima anajikunja namna gani. Hata leo, na meno imebakia ya kuhesabika, kitu ikinipita bila mimi kujua inapitia wapi, ninawashwa.

Samweli, bwana yangu, alikuwa mufanyabiashara mudogo. Alikuwa napandisha mafuta ya mawese kutoka Walikale na kushuka na maharagi na fromaji. Sitasema mengi juu yake, anasikia. Nitasema tu: alikuwa nanunua fromaji mingi kuliko muntu moja anaweza kula, mupaka mama yangu akauliza kama kule mu pori balikuwa nalisha nyani. Alipotuma neno ku kwao kwamba ananitaka, balifanya vile banafanya: mbele ya kutoa mali ya ndoa, shangazi anakuja kumuona binti mu mwangaza ya muchana, na kukula chakula ya mikono yake. Njo Shangazi Sifa alifika, mwanamuke mufupi mwenye sauti kubwa, na viatu vya matope mupaka kamba haionekane. Nilimupikia bugali, maharagi na viazi, na maziwa ya kuganda. Akakula. Akakula tena. Akalamba kidole. "Huyu anajua chumvi," akamuambia mama yangu. "Mambo ingine itakuja." Mama akacheka na macho. Ilibakia foto, ya kuonyesha bazee ba kule pori, maana njia ilikuwa mubaya na bazee hawapandi pikipiki. Papa Bauma akanipiga na kamera yake ya bila filme, akatuita wote tuchague ku ekrani ni ipi atatuma Goma itolewe ku karatasi.

Tulisimama mimi, mama, Shangazi. Picha ikafunguka. Mimi huyo, na kitenge ya mama, na shingo nimeinyoosha sawa bata. Shangazi akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu ingine ni nani?"

"Nani?" Papa Bauma akauliza.

"Huyu mweupe. Anasimama ku upande ya kuume ya mutoto."

"Ah Mama, ile ni kivuli."

"Kivuli ni nyeusi, Papa. Hii ni nyeupe. Na iko na pua."

Ni kweli, ilikuwa na pua. Kando ya pua yangu, pua ingine ya maji maji. Kando ya bega, bega ingine. Papa Bauma alikuwa amezoea, hakukuwa nayiona tena, sawa vile muntu hasikii saa ya nyumba yake. Shangazi akageukia mama yangu, na sauti yake kubwa ikakuwa ndogo, na ile njo iliniogopesha. "Mama Furaha, mwenzangu. Mutoto huyu ulimuzala peke yake?" "Peke yake." "Mimi pia ni mwanamuke, naweza kusikia. Kwetu, moja ya mapasa, bale pacha, akienda, hatumulilie. Tunamuchezea, tunamupa jina, tunamuwekea chakula yake. Akifichwa bila kuchezewa, anamufuata ndugu yake mupaka ku nyumba ya bwana, na nyumba ile haishiki batoto." Mama yangu akanyoosha kitenge yake, ku bega, polepole. Akasema tena: "Peke yake." Akatoka mu mvua.

Munaelewa ilikuwa nini? Haikukuwa ndoa tu. Kusema mama alikuwa na batoto mbili mu tumbo, moja akakufa, naye akamuficha, akamutupa bila jina, ni kumuita mama yangu muuaji na mudomo ya upole. Kama hakuna mwenye alipata jibu, mimi nabakia bila bwana, na yeye anabakia na lile jina ku kila kisima ya Masisi. Siku ile aliweka maharagi mbele yangu na kusema, "Kula." Yeye hakukula. Mvua ilikuwa imekata njia, lori zimelala mu matope, na Shangazi alikuwa ameomba nafasi ya kulala ku jirani wetu, muke ya pasteri. Jiko yake na jiko yetu ziligawana ukuta moja ya mbao. Nikasikia sauti ya Shangazi kupitia mbao, katikati ya kukatakata sombe, majani ya mihogo: "Mutoto ni muzuri, mimi mwenyewe namutaka. Lakini nimemuona yule ingine na macho yangu. Samweli ameshuka na mizigo ku pikipiki, nimemupa neno ya kupelekea kaka yangu Kubuya. Ningefanya nini?" Muke ya pasteri akamuambia: "Uombe." "Nimeomba, mama. Nimerudi kuangalia. Bado anasimama pale pale, ku kuume." Mama yangu alisikia pia. Aliendelea kuosha sufuria ile moja mupaka nikaogopa itatoboka.

Mimi sikulia. Nitabaambia kitu ya haya: nilikuwa na uchungu, ndiyo, lakini uchungu ilikuwa imekaa kando ya hamu. Huyu mweupe ni nani? Anatoka wapi? Anapitia wapi? Asubuhi nikaenda kwa Papa Bauma na kitambaa, maji ya moto na sabuni, nikaosha kioo ya ekrani mupaka ikalia. Papa Bauma akanikemea, akanionyesha kitambaa ya kukauka njo inafaa. Kioo ikang'aa. Yule mweupe akang'aa naye. "Basi ni kuran, nguvu ya umeme," Papa Bauma akasema. Sasa yeye pia ilikuwa imeanza kumuwasha. Gurupe yake, ile masini ya esanse ya kutoa kuran, ilikuwa nakohoa, na picha ilikuwa natetemeka sawa muntu wa malaria. Akamwaga esanse yenye maji, akaweka ya safi. Gurupe ikanyamaza kukohoa, picha ikatulia. Na yule mweupe? Akatulia, akasimama muzuri kuliko mbele! Papa Bauma akakuna kichwa. Kisha akaona ku shavu yangu, pale ku ekrani, kuna alama ya kijani, sawa ukungu ya fromaji. "Hii najua," akasema, "ni bafule." Bafule ni ile sanduku ya sauti ya radio, iko na sumaku ndani, na sumaku inavuta rangi ya ekrani za namna ile. Akaisogeza mbali, akafunga ekrani, akafungua. Nikarudi na rangi ambayo Mungu alinipa. Papa Bauma akapiga mikono, akaita bantu ba njia. Bakaja, bakaangalia, bakasema, "Na huyu ingine ni nani?"

Pale njo mulango ikakuwa nyeusi. Ni Shangazi, amesimama na mikono ku kiuno. "Munamutengeneza mutoto bila mimi?" Papa Bauma akamupa nafasi ku banki. Nilifikiri amekuja kugombana. Kumbe naye alikuwa nawashwa! Akakaa, akaangalia ekrani sawa vile muntu anaangalia sufuria ya muntu mwingine. Halafu akasema: "Baba yangu alikuwa muwindaji. Alinifundisha kitu moja. Nyama mwenye uhai hakanyagi pale pale kila siku. Anachoka, anageuka, anakaa. Na muzimu ni hivyo, alikuwa muntu. Huyu hachoki. Papa, utuonyeshe picha ingine." Papa Bauma akafungua ngombe. Ngombe alikuwa na pembe, na kando, ku kuume, pembe ingine za weupe. Shangazi akasogeza uso karibu na ekrani. "Ingine." Papa Bauma akafungua barua ya komite ya maziwa. Kila herufi, ndogo na kubwa, ilikuwa na ndugu yake mweupe ku kuume. Mimi nikasema: "Shangazi, na barua ilizaliwa mapasa?" Nilifikiri atanipiga. Akaweka mukono ku mudomo, na mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mupaka machozi, kisha nikaona machozi imebakia na kucheka imeisha.

"Basi, anatoka wapi?" akauliza. Na mimi nikasema neno yangu ya kila siku: "Tuangalie anapitia wapi." Shangazi akashuka ku magoti, mwanamuke mwenye heshima yake, akaingia chini ya banki, akashika kabule na vidole, akaifuata sawa muntu anafuata njia ya swala. Ikapita nyuma ya radio. Ikashuka. Ikafika ku tundu ya ukuta. "Hapa," akasema. "Hapa nyama iliumia." Kwa kweli kulikuwa na kivimbe, kubwa sawa yai, kimefungwa na sparadra ya dispensere, ile plasta ya kufunga vidonda. Papa Bauma akaona haya. Kabule ya kwanza haikukuwa nafika ku dirisha, njo akakata kabule mbili, akaziunga na kusokota nyuzi moja moja, akafunga na sparadra. Yeye alikuwa najua kwamba kabule ya picha haipendi urefu na haipendi vidonda, lakini picha ilipita, akasahau. Akatuelezea vile hivi, na sijasahau: "Picha inapita mbio. Ikifika ku kidonda, kipande inapita, kipande inagonga na kurudi, kisha inapita nyuma. Ile ya nyuma inafika ikiwa imechelewa kidogo, na ekrani inaichora kando." Shangazi akafikiri. "Sawa muntu akiita ku kilima, na kilima inamuitikia nyuma yake." "Sawa vile, Mama." Tukatoa ekrani ku dirisha, tukaiweka karibu na sanduku, mbali na pale bati ilikuwa navuja, na tukafunga kabule ingine, fupi, ya kiwanda, ya bila kidonda. Picha ikafunguka. Mimi, kitenge, shingo ya bata. Peke yangu. Nilijiangalia, nikaona niko na pua kubwa, na nilifurahi. Shangazi hakufurahi. "Mungu wangu," akasema. "Nimetukana mama ya muntu."

Na neno ilikuwa imeshafika pori. Samweli akapanda na jibu ya Papa Kubuya, mukubwa ya mulango yao, ni kusema ya ukoo yao: kitu iliyoonekana na macho inaondolewa na macho, si na maneno. Bazee batapanda mupaka Kalembe, pale mupaka ya kwetu na ya kwao, na sisi tufike na ile masini. Mama yangu akasema, "Mimi siendi kuangaliwa." Siku ya safari alikuwa wa kwanza ku pikipiki, amevaa kitenge ya kanisa, mudomo umefungwa. Gurupe ilibebwa ku pikipiki moja na Papa Bauma, sanduku ku ingine na Samweli. Ekrani ilikosa nafasi: ni nzito, na barabara inaruka. Mimi njo niliibeba ku mugongo, na kitenge, sawa mutoto, nikakaa nyuma ya dereva. Ku kila muji bamama balikuwa napiga kelele tukipita mbio: "Yee! Ulizala lini?" "Huyu kichwa yake ni ya baba yake!" Nilikuwa naitikia: "Ananyonya kuran!" Mama yangu, mbele, nikaona mugongo yake inatikisika mara moja. Sijui kama ni njia ao ni kicheko.

Kalembe balitupa kapela, kanisa yao ndogo. Bazee balikaa ku mabanki, na lituma, ndizi za kupondwa, na samaki ya kukaushwa mu majani. Papa Kubuya alikuwa amevaa koti mbili kwa sababu ya baridi ya kwetu. Papa Bauma akaanza na kabule ya kidonda. Mimi nikafunguka ku ekrani na yule mweupe, na bazee bakasema "Eeeeh" kutoka mu tumbo. Mama yangu akaangalia chini. Papa Bauma hakuelezea kitu. Akamupiga Papa Kubuya foto pale alipokaa, akaiweka ku ekrani. Papa Kubuya na koti mbili, na kando, Papa Kubuya mweupe na koti zingine mbili. Muzee akajishika ku bega ya kuume, polepole, kama kuna muntu.

"Huyu naye anakula lituma yangu?"

"Kaka," Shangazi Sifa akasema, "na mama yetu alikuzala wewe na nani?"

"Sifa, shika adabu."

Papa Bauma akatoa kabule ya kidonda, akaweka ile fupi. Papa Kubuya akabakia moja. Akainuka, akatembea nyuma ya ekrani, akachungulia, akarudi. Akaomba kuwekewa tena ile ya kwanza. "Kwa nini, Muzee?" "Nimuage." Bakaiweka, akamuaga na kichwa, bakaitoa. Halafu akakaa, na uso yake ikakuwa ya kazi.

"Masini haina kosa," akasema. "Haikusema neno. Mudomo njo ulisema. Sifa, ulikuwa mudomo ya nani?"

"Yangu, kaka."

Kwao, mwanamuke akichafua jina ya mama ya binti, anamuletea kuku, anapiga magoti. Mama akipokea, maneno inaisha na ndoa inaendelea. Akikataa kuku, hakuna ndoa, hata bazee bote balie. Bakaleta kuku nyekundu. Shangazi akapiga magoti ku udongo ya kapela, akainua kuku na mikono mbili. "Mama Furaha, nilikutukana. Unirehemu." Mama yangu hakunyoosha mukono. Tangu siku ya mvua hakukuwa amesema neno na mwanamuke yule. Nilimuangalia Samweli, alikuwa amefunga macho. Leo mimi pia ni mama na koko, na najua mama alikuwa napima nini pale: si kuku. Alikuwa napima kama atamuweka mutoto wake mu mikono ile. Akaangalia kuku. Akaangalia upande ya kuume ya kuku, polepole.

"Shangazi, kuku ziko ngapi?"

"Moja, Mama Furaha."

"Angalia muzuri. Mimi naona mbili."

Halafu Papa Kubuya akaanza, kicheko ya ndani, koti zote mbili zikatikisika, na bazee bakamufuata, na Papa Bauma akashika ekrani isianguke. Shangazi akasimama. Akatoka mbio mu matope, mwanamuke mufupi yule, tunamusikia inje anabisha ku mulango moja, ku mulango ingine, anaomba kuku ya haraka. Akarudi na ya pili chini ya kwapa, nyeupe, matope mupaka magoti. Mama akapokea moja na mukono ya kuume, ingine na ya kushoto. Akazipa Samweli azishike. Kisha akapiga ku banki, kando yake, Shangazi akae.

Mama njo alianza, bila kumuangalia.

"Kule kwenu baridi iko?"

"Haiko. Ni joto."

"Na maziwa? Huyu mutoto wangu amekomaa na maziwa."

"Maziwa hakuna, Mama Furaha," Shangazi akasema. "Tutatafuta."